Tuna Vilayeti: mkoa, kalamu na sanduku

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na wakubwa zangu mliokaa pale mbele, shikamooni.

Nianze na kicheko changu mwenyewe. Miaka ya 80 nilikuwa mwanafunzi Bulgaria, kijana niliyepelekwa kujifunza mambo ya kilimo, na likizo moja tukaenda kutembea Ruse, mji ulio ukingoni mwa mto Danube. Ukitazama ng'ambo unaiona Romania. Kwenye nyumba moja ya makumbusho palitundikwa ramani kuukuu yenye herufi za Kiarabu. Herufi zile nazijua tangu chuoni, kwa marehemu mwalimu wangu ambaye bakora yake naikumbuka kuliko kasida zake. Nikasogea, nikasoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Tuna... wilayati." Nikaangua kicheko. Wenzangu wakauliza kulikoni. Nikawaambia ramani yenu inasema kwa lugha yangu kwamba tunayo wilaya.

Kumbe Tuna ni jina la Danube kwa Kituruki, na ile wilayati ni neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi tukaita wilaya. Tofauti ni ukubwa. Wilaya yetu iko chini ya mkoa. Vilayet ya Waosmani, wale Waturuki wa Sultani wa Istanbul, ndiyo mkoa wenyewe, tena mkoa wa kutisha. Huu wa Danube ulichukua Bulgaria yote ya kaskazini na mji wa Sofia, ukashika Niš na Pirot ambazo leo ni Serbia, ukapanda hadi midomo ya mto huko Dobruja ambako leo ni Romania. Ulizaliwa 1864, ukafa 1878. Miaka 14, umri wa mtoto aliyemaliza darasa la saba.

Mimi nimekula mkate wa serikali za mitaa kwa zaidi ya miaka 30, tangu mtendaji wa kata hadi ofisi ya mkoa. Kwa hiyo mkinialika kusema historia, sitawasimulia vita. Nitawasimulia ofisi. Nataka tuone jinsi mkoa ule ulivyoundwa kwa nia moja tu, kwamba watu wasiondoke chini ya Sultani, ukaendeshwa kwa bidii ambayo wengi wetu tungeionea wivu, na watu wakaondoka vilevile.

Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa haraka. Waosmani waliuteka Tarnovo, mji mkuu wa Wabulgaria, mwaka 1393. Kwa karne nyingi nchi yote ile ilikuwa sehemu ya Rumelia, jimbo lao la kwanza upande wa Ulaya. Mpanda farasi wa kivita alipewa haki ya kula kodi ya kijiji fulani, naye akatakiwa aende vitani na farasi wake na silaha zake. Hapakuwa na mshahara. Eneo la kijeshi liliitwa sanjak, maana yake bendera, kwa kuwa aliyekabidhiwa eneo alikabidhiwa na bendera ya kukusanyia askari. Mambo yalikwenda hivyo hadi yalipochakaa. Mwishoni mwa karne ya 18 mtu mmoja, Osman Pasvanoğlu, alijichimbia Vidin akatawala kama mfalme, jeshi la Sultani likamzingira likashindwa, na mwishowe Istanbul ikampa cheo cha upasha. Akafa 1807 akiwa bado amekalia kiti chake. Sultani asiyeweza kumwondoa mkuu wa mkoa wake! Ukilijua hilo utaelewa kwa nini karne ya 19 yote Istanbul ilihangaika na neno moja, tanzimat, yaani kupanga upya. Shina lake ni lile lile la nidhamu yetu.

Tanzimat ilianza kwa tamko la mwaka 1839, likafuatwa na jingine la 1856 lililoahidi Mkristo na Mwislamu usawa mbele ya serikali. Ahadi tamu. Lakini huko mikoani palikuwa moto: Niš waliasi 1841, Vidin wakaasi 1850, na kila mara chanzo kilikuwa ardhi na kodi. Ndipo mwaka 1861 Niš ikaletewa gavana mpya aitwaye Midhat.

Huyu Midhat alizaliwa Istanbul mwaka 1822, lakini baba yake alikuwa mtu wa Ruse, kadhi kwa kazi, na utoto wa kijana ulipita sehemu sehemu, pamoja na Vidin na Lovech, kila baba alipohamishiwa. Watoto wa watumishi wa serikali mliomo humu mnaujua utoto huo wa kufunga mizigo. Huko Niš aliita wazee wa vijiji akawauliza wanataka nini. Wakamjibu barabara, na usalama wa kupita barabarani. Akavifanya. Istanbul ikaona hapa pana mtu, na mwaka 1864 ikaunganisha majimbo matatu, Silistra, Vidin na Niš, ikamkabidhi yote kama shamba la majaribio. Sheria mpya ya mikoa ilitungwa kwa ajili ya Danube kwanza, ndipo kuanzia 1867 ikasambazwa kwingine.

Sasa nipeni masikio, kwa sababu hapa pana raha ya lugha. Juu kabisa aliketi vali, makao yake Ruse. Huyo ni ndugu wa liwali wetu wa pwani. Al-wali wa Kiarabu alipofika kwetu alibakiza kile kiambishi cha mbele, akawa liwali. Chini ya vali palikuwa na sanjak saba: Ruse, Varna, Vidin, Sofia, Tarnovo, Tulcea na Niš. Sanjak ikagawanywa katika kaza, yaani eneo la hukumu ya kadhi, na mkuu wa kaza aliitwa kaymakam. Litamkeni polepole. Kaimu makamu. Sisi tumelikata neno vipande viwili, kipande kimoja tukampa anayeshikilia kiti kwa muda, kingine tukampa Makamu wa Rais. Chini ya kaza palikuwa na nahiye na mudiri wake, na wazee wa pwani wanawakumbuka mamudiri wa enzi za mkoloni. Kumbukumbu za kodi zilikaa katika defter, na hilo sina haja ya kulifasiri mbele ya watu wenye madaftari mkononi.

Lakini ngazi ni ngazi. Swali la mtumishi yeyote aliyekaa ofisini ni hili: nani anaingia kwenye kikao, na nani anashika kalamu?

Sheria ya 1864 iliweka baraza katika kila ngazi. Kijijini mwenye haki ya kupiga kura ni mwanamume wa miaka 18 au zaidi anayelipa kodi ya kuruş 50, sarafu ya Waosmani, kwa mwaka. Wa kuchaguliwa awe na miaka 30 na alipe kuruş 100. Tayari fukara ameachwa nje ya mlango. Ukipanda kwenye kaza na sanjak, wajumbe wa kuchaguliwa walikuwa nusu Waislamu na nusu wasio Waislamu, jambo geni kabisa kwa wakati ule, nami silidharau. Ila kabla hujapiga makofi, tazama walivyochaguliwa. Kamati ya maofisa inaandika orodha ya majina mara tatu ya nafasi zilizopo. Orodha inashuka chini, huko wanafuta theluthi moja. Inarudi juu, na mkubwa wa eneo anachagua nusu ya waliobaki. Yaani mwananchi kazi yake ni kufuta, na mwenye neno la mwisho ni yule yule aliyeanza kuandika.

Mnacheka. Mimi niliwahi kupeleka juu majina ya kamati ya maji, majina saba yaliyopitishwa mkutanoni chini ya mwembe, watu wakinyoosha mikono nikihesabu mwenyewe. Ofisi siitaji. Yalirudi saba pia, yamepigwa muhuri vizuri, ila mawili sikuyafahamu, na kijiji kizima hakikuyafahamu. Kwa hiyo ninapoisoma sheria ile ya Waosmani sioni ajabu ya Waturuki. Naiona karatasi yangu.

Na hao Wakristo waliopita kwenye chujio hilo walikuwa akina nani? Wengi ni matajiri wa mji na vijiji, waliokuwa wakiitwa çorbacı, mtu wa supu. Çorba hiyo ndiyo shurba tunayokunywa futari. Kijana wa Kibulgaria aliyerudi kutoka masomoni Odessa au Bucharest alipomwona mtu wa supu amekaa baraza moja na pasha, hakusema tumewakilishwa. Alisema wamekula wote.

Juu ya yote palikuwa na mkutano mkuu wa mkoa, kila sanjak ikileta watu wanne, wawili Waislamu na wawili Wakristo, wakikaa Ruse mara moja kwa mwaka kwa siku zisizozidi 40. Wangeweza kujadili barabara, kilimo, biashara na kodi. Kuamua ilikuwa kazi ya wengine. Hata hivyo ni baraza, na mtu wa Tulcea alikutana na mtu wa Sofia wakabishana kuhusu daraja.

Midhat alikuwa mtu wa vitu vinavyoonekana. Machi 1865 alitoa gazeti la mkoa, jina lake Tuna, la kwanza la aina yake katika milki nzima, upande mmoja Kituruki na upande mmoja Kibulgaria. Alianzisha meli za mtoni na kampuni ya magari ya farasi. Alijenga nyumba za watoto yatima zilizoitwa islahhane, ambamo mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo walikaa pamoja wakijifunza kushona nguo, kutengeneza viatu na kufanya kazi za karakana. Hesabu inayotajwa ya barabara zake ni kilomita kama 3,000, na madaraja kama 1,400. Hesabu hizo zimetoka upande wake mwenyewe, na sijaona mkuu wa mkoa anayejipunguzia kilomita, lakini hata ukikata nusu bado ni kazi. Isipokuwa tusisahau mikono. Barabara zile zililimwa na wanavijiji walioitwa kwa zamu, na zamu haichagui msimu wa palizi.

Reli ya kutoka Ruse hadi Varna, iliyofunguliwa 1866, mara nyingi huhesabiwa kwenye sifa zake, ingawa mkataba ulikuwa wa kampuni ya Waingereza na ulianza kabla hajafika. Stesheni ya Ruse bado ipo kando ya mto, imegeuzwa makumbusho ya usafiri, na treni za moshi zimepangwa nje. Msafiri wa Vienna alishuka mto kwa meli, akapanda treni hapo hadi Varna, akamalizia kwa meli ya baharini hadi Istanbul. Hata ile Orient Express ilipoanza mwaka 1883, abiria wake walivushwa Danube wakapita reli hiyo hiyo.

Sasa niwapeleke shambani, maana mkoa haujulikani Ruse, unajulikana kwenye kiwanja cha kupuria ngano.

Kodi kubwa ya mkulima iliitwa öşür. Ni sehemu ya kumi ya mavuno. Ashara, ushuru: neno letu lina hesabu ndani yake, sisi tumeisahau. Serikali haikuikusanya yenyewe. Iliuza kwa mnada haki ya kukusanya. Mnunuzi aliilipa hazina kwanza, kisha akaenda kijijini kurudisha fedha yake na faida juu. Na kanuni ilikuwa kwamba nafaka isiondolewe kiwanjani mpaka mkusanyaji afike aone rundo na kutoa fungu lake. Basi fikirieni. Umevuna, umepuria, rundo liko wazi. Mkusanyaji yuko kijiji cha tatu. Siku ya kwanza unalinda kuku, siku ya nne unalinda wezi, siku ya saba mawingu yanajikusanya upande wa mlima. Atakapofika, fungu la kumi la ngano iliyolowa anadai kama ngano kavu, na farasi wake wale, na yeye alale, na achinjiwe. Ukibisha, anakuacha wiki nyingine. Midhat aliujua ubaya huu, lakini hakuung'oa mnada wa ushuru. Istanbul ilihitaji fedha ya mapema kulipa madeni yake, na mkuu wa mkoa hana ubavu wa kuikosesha hazina fedha.

Pembeni ya ushuru palikuwa na mkopeshaji. Mkulima aliyeliwa na mvua na mkusanyaji alikwenda kukopa mbegu kwa riba ya kunyonga. Hapo ndipo Midhat alifanya jambo lake zuri kuliko yote, na alilianzia Pirot mwaka 1863, angali gavana wa Niš. Wanakijiji walilima shamba la pamoja kwa msaragambo. Mavuno yakauzwa, fedha ikatiwa sandukuni. Nao waliliita sandık, tusihangaike na tafsiri. Fedha hiyo ikawa mtaji wa kukopesha wakulima kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, kwa muda wa miezi michache hadi mwaka, mkopaji akileta wadhamini au rehani. Sanduku lilisimamiwa na watu wanne wa kuchaguliwa, Waislamu wawili na Wakristo wawili, na sehemu ya faida ikaenda kwenye kazi za eneo lao. Sheria ya 1867 ikayaeneza masanduku hayo katika milki.

Wale wa vyama vya ushirika mliomo humu mnaona nilichokiona. Asilimia 12 kwa mwaka, wadhamini wanaokujua kwa jina la bibi yako, na mtaji uliotoka jembeni. Hakuna mfadhili.

Basi kama alikuwa na masanduku, gazeti, barabara na yatima wanaoshona viatu pamoja, kwa nini haikushika?

Nitasema ninavyoona mimi. Midhat alijibu vizuri sana swali la namna ya kutawaliwa. Vijana wa Kibulgaria walikuwa wameshahamia kwenye swali la nani atawale. Mfano wake ni shule. Wabulgaria walikuwa wamejijengea shule zao kwa michango, tangu ile ya Gabrovo ya 1835, na watoto wakisoma kwa lugha yao. Midhat akapendekeza shule za serikali, Waislamu na Wakristo darasa moja. Kwa macho yake ni umoja. Kwa macho ya mzazi wa Gabrovo ni kuchukuliwa shule aliyoijenga kwa fedha yake na kuzimwa lugha yake. Wakakataa, na nadhani mzazi yule alikuwa na haki.

Kisha palikuwa na wageni. Warusi waliwafukuza Wacherkesi kwao Kaukasi, na mwaka ule ule wa 1864 maelfu kwa maelfu wakashushwa bandarini Varna na kwingineko, wagonjwa, wenye njaa, waliopoteza kila kitu. Kabla yao walikuja Watatari wa Crimea. Serikali ikawapa ardhi kando ya mto na kuviamuru vijiji viwajengee nyumba na kuwapa nafaka. Wote wawili wana haki ya kulia hapo, mkimbizi na mwenyeji. Ofisi ya Midhat iliwapanga kwa daftari, ikijua pia kwamba Waislamu wapya mpakani ni ukuta dhidi ya Urusi.

Na 1867 makundi ya wapiganaji wa Kibulgaria yalivuka mto kutoka Romania. Hapo yule gavana wa masanduku akatoa kamba. Walionyongwa walinyongwa hadharani. Agosti mwaka huo vijana wawili, Mbulgaria na Mserbia, waliuawa ndani ya meli ya Kiaustria iliyotia nanga Ruse, ikawa kesi ya mabalozi. Ukienda Bulgaria leo ukalitaja jina la Midhat, mtu mmoja atakutajia barabara na mwingine atakutajia kamba, na wote wawili wanamzungumzia mtu yule yule, katika mwaka ule ule.

Mwaka 1868 aliitwa Istanbul kuongoza Baraza la Dola. Baadaye Baghdad, baadaye waziri mkuu na mtu wa katiba ya 1876, na mwishowe kifungoni Taif, alikonyongwa 1884. Ruse ikabaki na magavana waliopishana mlangoni. Mashine yake iliendelea kuzunguka, bila fundi. Juni 1877 Warusi wakavuka Danube penye mji wa Svishtov, na Julai 1878 wakubwa wa Ulaya wakaketi Berlin wakaukata mkoa: Bulgaria ikawa utawala wake yenyewe, Dobruja ya kaskazini ikaenda Romania, Niš ikaenda Serbia.

Najua mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na sanduku, kisha maswali.

Wabulgaria walifukuza vali, wakafuta jina la vilayet, wakavunja misikiti mingi. Masanduku ya wakulima hawakuyavunja. Waliyaendeleza kwa jina lao, na mwaka 1903 yakawa Benki ya Kilimo ya Bulgaria. Waturuki nao, upande wao, masanduku yaliyobaki waliyakusanya mwaka 1888 wakaunda benki yao ya kilimo, Ziraat, ambayo hadi leo ina tawi karibu kila mji wa Uturuki, na yenyewe huhesabu mwanzo wake tangu 1863. Benki mbili za mataifa mawili yaliyopigana, mama yao ni sanduku moja lililofunguliwa Pirot. Na Pirot, ndugu zangu, haiko Bulgaria wala Uturuki. Iko Serbia tangu ule mkutano wa Berlin.

Haya, nani ana swali? Yule kijana wa nyuma aliyekuwa akitikisa kichwa nilipotaja shule za Gabrovo, aanze yeye.